UZI: PLC yako si nzito, unaiuliza vibaya

#1 ChumviKutu

Assalaam alaykum wanajukwaa. Miaka miwili nachuma humu bila kupanda hata mche mmoja, leo nalipa deni.

Ramadhani iliyopita, futari ndiyo kwanza inateremshwa, napigiwa simu kutoka hoteli moja huko kaskazini ya Unguja. Tangi la juu linamwaga, maji yameshuka mpaka chumba cha dobi, mashuka yaliyokauka yamerowa upya. Meneja keshaihukumu PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha pampu: "PLC imechoka, imekuwa nzito, tuagizie mpya." Nikaondoka na tende mfukoni.

Hoteli ile inakunywa bahari. Kuna mtambo wa kuondoa chumvi, halafu pampu inayopandisha maji matamu juu, mita za ujazo 40 kwa saa. PLC ni moja, ndogo. Waya mmoja wa mawasiliano, RS-485, unapita kwenye vifaa 11: mita za umeme 6, inverta (vidhibiti spidi vya mota) 3, mita ya maji 1, na sensa ya kina cha tangi 1. Wanazungumza lugha ya Modbus RTU kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde. (Modbus imetoka kwa Modicon mwaka 1979, Mzee Jumbe bado Rais wa Zanzibar, na mpaka leo ndiyo inayotutekea maji. Siidharau hata kidogo.)

Nikafungua programu. Aliyeiandika ni mtu nadhifu, kila kidato cha ladda (programu inayochorwa kama ngazi) kina maelezo yake. Lakini anasoma rejista moja (kiti kimoja cha namba, biti 16), anaipeleka kwa MOV, amri ya kuhamisha, mahali pake, ndiyo anakwenda ya pili. Mita ya umeme ina thamani 4 za desimali, kila moja rejista 2, hiyo ni 8 kwa mita na 48 kwa mita zote. Inverta 3 mara 3 ni 9. Mita ya maji 6. Kina cha tangi 1. Rejista 64, maswali 64.

Chukueni kalamu. Kwa 9600, herufi moja ya Modbus RTU ina biti 11, kwa hiyo inakula milisekunde 1.15 hivi. Swali la kusoma ni baiti 8. Jibu la rejista moja ni baiti 7. Jumla 15, yaani milisekunde 17 za waya. Ongeza kimya cha herufi 3.5 kabla na baada, hizo ni 8. Vifaa vile nilivipima, vinafikiri kama milisekunde 30 kabla ya kujibu. PLC nayo inamaliza mzunguko wake ndipo itume swali jengine, weka 10. Jumla 65. Katika hizo 65, data yenyewe uliyoifuata ni baiti 2, milisekunde 2 na kitu. Zilizobaki zote ni hodi, karibu, hujambo, sijambo.

65 mara 64 ni sekunde 4 na kidogo kwa mzunguko mzima. Wamekaa nazo hivyo miaka na hakuna aliyelalamika.

Lililotokea siku ile ni plagi ya mita ya maji kuoza kwa chumvi. Ukiishika inabaki unga wa kijani mkononi. Mita ikawa haijibu. Programu imeambiwa isubiri sekunde 1, ikikosa irudie, mara 3. Sasa mita ile inaulizwa maswali 6 mbalimbali, na kila swali linakufa peke yake: 6 mara 3, sekunde 18 za kumsubiri maiti. Mzunguko ukatoka sekunde 4 ukawa 22. Pampu inatoa lita 11 kwa sekunde. Basi PLC ikaja kujua tangi limejaa baada ya lita 240 kwenda zake kwa dobi.

PLC haikuchoka. Ilikuwa imesimama mlangoni inapiga hodi nyumba isiyo na mtu.

Nilivyorekebisha nitaweka posti inayofuata, betri ya laptopu inakatika.

#2 Maalim_Relay

Wa alaykum salaam. Hadithi tamu, ila mbona hukupandisha spidi tu? Ungeweka 115200 ukaenda zako tarawehe.

#3 ChumviKutu

Maalim, nilijua utaanza wewe 😂

Piga hesabu. Kwa 115200 zile baiti 15 zinakula milisekunde 1 na nusu badala ya 17, na vimya vinashuka mpaka 3 na nusu. Lakini kifaa bado kinafikiri 30, na PLC bado inataka 10 zake. Unapata 45 badala ya 65. Mara 64 ni karibu sekunde 3. Umeongeza spidi mara 12, ukavuna sekunde moja na ushei, na juu yake umepitisha 115200 kwenye waya wa mita 150 uliolala kitanda kimoja na waya wa inverta. Makelele yale utayasikia mpaka Tumbatu.

Na yule maiti bado unamsubiri sekunde 18 zile zile.

Dawa ni kupunguza maswali. Modbus inakuruhusu kusoma mpaka rejista 125 kwa swali moja zikiwa zimefuatana. Kuongeza rejista moja kwenye swali lililokwisha fungua mlango kunagharimu baiti 2, milisekunde 2.3. Kufungua swali jipya ni kama 63 kabla hujapata kitu. Kwa hiyo baina ya thamani mbili unazozitaka, hata pakiwa na rejista 20 usizozihitaji, soma zote, usizozitaka zitupe. Kwa hesabu ya pale kwangu mpaka rejista 27 za katikati bado ni faida. Mwenda sokoni Darajani kwa kitunguu, akarudi nyumbani, akatoka tena kwa tungule, huyo hatumwiti mwangalifu.

Mita za umeme zilikuwa na volti, ampia na kilowati ndani ya rejista 14 zinazofuatana, na kuna mapengo kati yao. Nikazisoma 14 kwa mkupuo: milisekunde 95. Jumla ya umeme uliotumika ilikuwa mbali kabisa kwenye orodha, ile nikaitenga, inasomwa kila dakika 5. Nani anataka kujua bili kila sekunde?

Halafu zamu. Kina cha tangi, mita ya maji na inverta zinaulizwa kila mzunguko. Mita za umeme zinaingia moja moja, leo mimi kesho wewe. Ukijumlisha: kina 65, maji 77, inverta 3 kwa 70 ni 210, mita moja ya umeme 95. Milisekunde 447. Tangi ambalo lilikuwa linatazamwa kila sekunde 4 linatazamwa zaidi ya mara mbili kwa sekunde moja, na kila mita ya umeme inapata zamu yake kila sekunde 2.7 hivi. Waya ule ule, 9600 ile ile.

Na kifaa kisichojibu mara 3 kinatolewa kwenye msururu. Kinaulizwa mara moja kila sekunde 30, kinasubiriwa milisekunde 200, basi. Kikirudi hai kinarudishwa safuni. Skrini inaonyesha jina lake kwa rangi nyekundu.

#4 BiMkondo

Kaka ChumviKutu, kazi nzuri, lakini naomba nikukemee kidogo kabla vijana hawajaiga.

Tangi kumwaga maji lisingekuwa jambo la Modbus hata siku moja. Swichi ya boya ya shilingi chache, waya wake unakwenda moja kwa moja kwenye kontakta (swichi kubwa) ya pampu, maji yakifika juu inakata, PLC iwe hai iwe imelala. Data iende kwenye waya wa mawasiliano, usalama uende kwenye waya wake. Mtu asijisifu kwa milisekunde 447 wakati hana boya la akiba.

#5 ChumviKutu

Dada umenikamata. Boya lilikuwepo, limefungwa na kamba ya plastiki juu kwa juu "lisisumbue". Nililifungua usiku ule ule, kabla ya laptopu. Nilifanya haya kulisema.

#6 dogo_mbweni

Shikamooni. Mimi niko mwaka wa pili, umeme. Tumefundishwa skulini MOV na BMOV (ya kuhamisha fungu zima) lakini mwalimu alisema ni sawasawa, ila BMOV inafupisha. Je, zile MOV 64 zenyewe hazikuwa zinaila PLC muda? Mana uzi mzima unahusu data kuhama.

#7 ChumviKutu

Marahaba. Swali zuri, na jibu lake litawaudhi wengi: hapana, hazikuwa zinaila kitu. MOV moja ni suala la mikrosekunde, hata kwenye PLC za bei ya chini. MOV 64 hazifiki hata milisekunde moja ukiwa na mashine ya miaka ya karibuni. Watu wanakesha kupunguza MOV na huku waya unawala sekunde nzima. Ukitafuta mwizi anza na aliyebeba gunia.

Hata hivyo BMOV niliiweka, kwa sababu nyengine kabisa. Ile skrini ya opereta nayo inaisoma PLC, na nayo inauliza kwa mafungu. Thamani zikiwa zimetawanyika kwenye viti vya kumbukumbu vya PLC, D12, D305, D1410, skrini inapiga hodi mara nyingi. Nikatenga jedwali moja, D300 mpaka D363, kila kifaa na viti vyake. Data ikifika kwenye sehemu ya mapokezi na ikathibitika nzima, BMOV moja inalihamisha fungu lote kwenye jedwali. Skrini inasoma swali moja, imemaliza.

Majina ya amri hizi yanatafautiana kwa kila mtengenezaji, mzoee. Mitsubishi na Delta ni BMOV, na FMOV kwa kujaza thamani moja viti vingi (sifuri kwa mfano). Omron ni XFER na BSET. Siemens utakuta BLKMOV kwenye za zamani na MOVE_BLK kwenye za sasa. Allen-Bradley ni COP na FLL.

Lakini mwalimu wako akisema ni sawasawa, mpelekee hili kwa adabu. MOV kwenye baadhi ya mashine, Allen-Bradley kwa mfano, inatafsiri: ukiipa namba nzima na mahali pa kwenda ni pa desimali, inabadilisha. COP haitafsiri. Inabeba biti kama zilivyo, kama mchukuzi wa bandarini Malindi, haulizi ndani ya gunia mna nini. Na ile hesabu ya urefu kwenye COP inahesabu viti vya kule inakokwenda, si vya inakotoka. Ukinakili rejista za biti 16 kwenye jedwali la biti 32 ukaandika 20, umebeba 40.

#8 Mpemba_wa_Konde

Yakhe, hapo kwenye kubeba biti ndipo mie nlipolia. Nimefunga mita mpya, volti inasoma 0.00. Umeme upo, taa zinawaka, friji inanguruma, skrini inasema sifuri. Nimebadilisha mita mbili, mtu wa duka akaanza kunikimbia.

#9 ChumviKutu

😂😂 Fungua zile rejista mbili uzitazame kama namba nzima, uniambie zinasoma ngapi.

#10 Mpemba_wa_Konde

Ya kwanza 17254. Ya pili 0.

#11 ChumviKutu

Basi mita yako haina kosa, inasema 230 kamili. Namba 230.0 ikiandikwa kwa desimali ya biti 32 ni 4366 0000 kwa heksi (hesabu ya mafungu ya kumi na sita). Nusu ya juu, 4366, ndiyo 17254. Mita imetanguliza nusu ya juu, PLC yako inaitegemea nusu ya chini itangulie. Ikaziunga kinyume, ikapata 0000 4366, na hiyo kwa desimali ni namba ndogo mno, sifuri nukta masifuri arobaini kabla hujakutana na tarakimu. Skrini inaonyesha sehemu mbili tu baada ya nukta, kwa hiyo 0.00.

Geuza rejista mbili kabla ya kuzihamisha. Ifanye mahali pamoja, kwenye mapokezi, si kila unapoitumia.

#12 Mpemba_wa_Konde

Wallahi 229.8. Mita mbili za watu zimekaa hapa kwenye meza zinanitazama.

#13 TangaRaha

Nipo ng'ambo ya maji hapa Tanga, nachungulia. Mkuu, mie nna tatizo la jumla ya maji. Kila baada ya muda ripoti inashuka ghafla kama lita 65,000, halafu sekunde hiyo hiyo inarudi sawa. Bosi anadhani kuna mtu anaiba kwa rimoti.

#14 BiMkondo

Lita 65,536?

#15 TangaRaha

Nimeangalia. 65,536 juu ya alama. Umejuaje?

#16 BiMkondo

Kwa sababu hiyo ni 2 kwa kipeo cha 16, na mwizi wako ni saa. Jumla yako ni ya biti 32, imekaa rejista mbili: ya juu inahesabu mafungu ya 65,536 na ya chini inahesabu zilizobaki. Tuseme mita iko 131,071: ya juu 1, ya chini 65,535. Lita moja ikipita inakuwa 131,072: ya juu 2, ya chini 0. Wewe unazisoma kwa maswali mawili, sivyo? Umesoma ya juu ikiwa bado 1, mita ikageuka, ukasoma ya chini ikiwa keshakuwa 0. Ukaunganisha 1 na 0: 65,536. Lita zimepotea nusu. Ukisoma kwa mpangilio wa kinyume unapata 2 na 65,535, yaani 196,607, na hapo bosi atafurahi.

Soma zote mbili ndani ya swali moja. Vifaa vilivyotengenezwa vizuri vinapiga picha moja kisha vinakujibu kutoka kwenye hiyo picha.

Jambo lile lile linatokea ndani ya PLC kubwa zenye kazi nyingi kwa wakati mmoja: kazi ya haraka inakatiza katikati ya kunakili, na fungu linakuwa nusu jipya nusu la zamani. Ndiyo maana Allen-Bradley wana CPS pembeni ya COP, haikubali kukatizwa, na Siemens wana UBLKMOV kwa sababu hiyo hiyo. Baina ya PLC mbili mimi naweka namba ya zamu mwanzo wa fungu na namba ile ile mwisho wa fungu. Mwenye kupokea akizikuta hazilingani anatupa fungu zima na kubaki na la zamani.

#17 TangaRaha

Maswali mawili, ndiyo. Naona haya kumwambia bosi aliyekwisha mfukuza mlinzi.

#18 BiMkondo

Mwambie leo. Huyo mlinzi ana watoto.

#19 Maalim_Relay

Sasa mimi nasema. Nimeanza kazi za paneli kabla wengi wenu hamjazaliwa, na nilizijua jenereta za nchi hii moja moja wakati wa lile giza la miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Ninachokiona siku hizi ni vijana wanaandika kidato kimoja chenye rejista ya faharasa, Z, namba inayosogeza anwani, inazunguka na kuchukua D500 pamoja na Z, na wanaita ni ufundi. Saa nane za usiku fundi wa zamu anafungua programu ile, anataka kujua thamani ya mita ya nne iko wapi, haioni. Haionekani! Imefichwa ndani ya hesabu. MOV 64 zinasomeka. Unazitazama kama unavyotazama relei.

#20 Mpemba_wa_Konde

Maalim sema tena. Nna ushahidi.

Kiwanda kidogo cha barafu, sisemi wapi. Maji ya chumvi ya kugandishia yanatakiwa yakae -10. Aliyeandika programu alitaka kuhifadhi joto kila dakika 5, viti 100, D500 mpaka D599, kwa faharasa. Akaandika faharasa irudi sifuri ikizidi 100. Ikizidi! Basi inakwenda 0 mpaka 100, hivyo ni viti 101. Cha mwisho ni D600. Na D600 ndimo lilimokaa joto linalotakiwa.

Kila baada ya saa 8 na dakika 25 joto la wakati ule linaandikwa juu ya -10. Maji yako -6, lengo nalo linakuwa -6, kompresa inaona mambo yametimia, inazima. Opereta anakuja, anarudisha -10, linakaa kimya mpaka saa 8 na dakika 25 nyengine. Kwa kuwa haliangukii saa moja kila siku, watu wakaanza kusema mahali pale hapakusomewa. Ikaletwa ubani. Nilipofika nilikuta kompyuta imefukizwa.

#21 ChumviKutu

😂😂😂 Nimeanguka.

Maalim, nakubali nusu. Kwa vifaa 11 vya aina tafauti sitatumia faharasa, nitaandika kila kifaa kidato chake na BMOV yake, na yeyote aje asome. Ila kwa kuhifadhi historia faharasa haina mbadala wa heshima. Mbadala wake niliukuta sehemu: kila dakika wanasogeza viti 1,000 vyote hatua moja kwa FOR na NEXT, amri za kurudiarudia, ili kipya kikae mwanzo. Mara 1,000 ndani ya mzunguko mmoja. Mashine ndogo ikapitisha muda wa mzunguko wake, mlinzi wa ndani ya PLC (watchdog) akaisimamisha, kiwanda kimya. Ukitumia faharasa husogezi kitu. Data inabaki ilipo, kinachotembea ni kidole.

Ila kidole kiwekewe mpaka. Kabla ya kuandika, linganisha: kikiwa 100 au zaidi, kirudi 0. Na baada ya jedwali acha viti 10 vitupu ambavyo hakuna anayevitumia, ili mtu akikosea kama yule wa barafu akosee uwanjani, asiingie chumbani.

#22 BiMkondo

Na upande wa kuandika jamani, mmesahau. Nyote mnazungumza kusoma.

Kuna inverta ya pampu niliitiwa, imepoteza kumbukumbu, haishiki mipangilio. Ya pili kwa mwaka. Nikatazama programu: PLC inaandika spidi kwenye parameta ya inverta kila sekunde, ikiwa imebadilika au haikubadilika. Parameta ile inahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya EEPROM, na kwenye vitabu vya inverta nyingi utaona onyo kwamba inaandikika kama mara 100,000 tu. Mara moja kila sekunde, 100,000 zinakwisha kwa saa 28. Siku moja na kidogo! Ile ilivumilia kwa ukarimu wa kiwanda tu.

Andika ikibadilika tu. Na itafute anwani ya spidi isiyohifadhiwa, karibu kila inverta inayo, iko kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezifika.

#23 dogo_mbweni

Dada, nikituma ikibadilika tu, umeme ukikatika upande wa inverta peke yake ikarudi na spidi sifuri, PLC si itaona hakuna kilichobadilika, inyamaze?

#24 BiMkondo

Mashaallah. Huyu mtoto atatula kazi zetu.

Ndiyo, itanyamaza, na pampu itasimama huku skrini inasema 45 Hz. Kwa hiyo tuma katika hali tatu: thamani imebadilika, mzunguko wa kwanza baada ya PLC kuwaka (M8002 kwenye Mitsubishi, M1002 kwenye Delta), na kifaa kikirudi baada ya kupotea. Mimi naongeza ya nne, kila dakika moja bila sababu, kwenye ile anwani isiyohifadhiwa.

#25 Maalim_Relay

Dogo, ukimaliza skuli nitafute. Usije na viatu vyeupe.

#26 Mpemba_wa_Konde

Narudisha mrejesho baada ya wiki mbili. Nimepanga upya waya wa barafu kwa mafungu, vifaa 7. Kabla skrini ilikuwa inachukua sekunde 3 mpaka namba ibadilike, sasa hata sekunde haifiki. Mwenye kiwanda anadhani nimemuwekea kompyuta mpya na sikumkatalia.

Ila kifaa kimoja kimenigomea. Kidhibiti joto, nikikisoma rejista 0 mpaka 20 kwa mkupuo kinarudisha kosa namba 02. Nikisoma moja moja kinajibu zote ninazozitaka.

#27 ChumviKutu

Kosa 02 maana yake anwani haipo. Katikati ya 0 na 20 kuna anwani ambazo mtengenezaji hakuzijenga, na kifaa chako ni mkali, kikikuta shimo moja kinakataa fungu zima. Vyengine vinajaza sifuri. Ligawe: jaribu 0 mpaka 10, kisha 11 mpaka 20, ulifuate shimo kwa kukata nusu kwa nusu. Ukilipata acha maswali mawili, moja kila upande wa shimo.

#28 Mpemba_wa_Konde

Shimo liko 8 na 9. Sasa nasoma 0 mpaka 7, na 10 mpaka 20. Kimekubali.

#29 ChumviKutu

Iandike kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa paneli, tarehe na anwani. Kwenye laptopu yako haitamsaidia atakayekuja baada yako.

#30 Mpemba_wa_Konde

Imeshaandikwa. Chini yake nimeongeza: "Hapa hapana jini, palikuwa na D600."